Bomba la Maji Machafu Litapita Wapi?

Katika mji wetu wa Kampala barabara ya lami ikitarajiwa kupita mahali, habari huenea upesi kuliko moto wa nyasi. Wenye viwanja hupandisha bei, wenye maduka huja kutazama, na kila mtu huuliza itapinda wapi. Lakini bomba la maji machafu likikusudiwa kupita mahali hapo hapo, watu hunyamaza kimya, na wengi hawajui neno mpaka asubuhi ile waamkapo na kukuta mtaro umechimbwa mbele ya mlango.

Mimi naona kuwa hili ni kosa, na kosa lenyewe lina pande mbili. Wenye kupanga kazi hawatangazi vya kutosha, na sisi tukaao katika nyumba hatuulizi. Leo nataka kusema zaidi juu ya upande wa pili, kwa kuwa huo ndio ulio mikononi mwetu. Kila mwenye nyumba, na kila mpangaji pia, yampasa ajue kama bomba la maji machafu litafika kwake, lini litafika, na litapita upande gani. Tena yampasa ajue mapema, kabla ya kuchimba shimo jipya la choo na kabla ya kujenga.

Kwanza tutazame hali yetu ilivyo. Kampala ni mji wa vilima, na kati ya vilima yako mabonde yenye mafunjo na matope. Mabomba ya zamani yalitandazwa katika sehemu za kati ya mji na pale walipokaa wakubwa wa serikali ya kikoloni, kama Nakasero na Kololo. Mji ukakua mara nyingi zaidi ya ule uliowazwa na wapimaji wa siku zile, lakini mabomba hayakukua kwa kiasi hicho. Hata leo, watu wa Kampala ambao vyoo vyao vimeunganishwa na bomba la mji ni wachache tu. Waliobaki hutumia vyoo vya shimo au matangi ya septiki. Wengi wetu tusomao gazeti hili tumo katika hesabu hiyo ya waliobaki.

Choo cha shimo si kitu kibaya kikichimbwa mahali pakavu penye nafasi. Shida ni kwamba watu wengi wanakaa mabondeni, kama Bwaise na Kalerwe, ambako maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi. Shimo likichimbwa huko hukutana na maji kabla halijawa na kina cha maana. Mvua kubwa ikinyesha, shimo hufurika, na yaliyomo huingia mitaroni. Wako hata wenye nyumba wanaongoja mvua kwa makusudi, wakatoboa shimo kwa chini ili mafuriko yachukue uchafu bure. Jirani wa chini ndiye apokeaye.

Matokeo yake yameandikwa katika historia ya mji. Mwaka 1997, mvua za El Niño ziliponyesha, kipindupindu kiliingia Kampala na sehemu nyingine za Uganda, na kiliendelea mpaka mwaka 1998. Mwanzoni mwa mwaka 2015 homa ya matumbo ilienea katikati ya mji, na wachunguzi waliona kuwa maji na vinywaji vilivyouzwa mitaani vilikuwa vimeingiwa na uchafu. Chemchemi zetu nyingi zilizojengewa kwa saruji hupendeza macho, lakini maji yake yalipopimwa na wataalamu yameonekana mara kwa mara kuwa na vijidudu vitokavyo vyooni.

Wala mtu aliye juu ya kilima asidhani kuwa jambo hili halimhusu. Maji ya mfereji wa Nakivubo hupita katikati ya mji, hushuka katika mabwawa ya mafunjo, kisha huingia katika ghuba ya ndani ya Murchison, katika Ziwa Victoria. Kilomita chache kutoka hapo, katika ghuba hiyo hiyo, ndipo palipo mitambo ya Ggaba inayovuta maji, kuyasafisha, na kuyaleta majumbani. Kwa maneno mengine, mji huu hutupa na kuteka katika karai moja. Kadiri maji ya ghuba yanavyozidi kuchafuka, ndivyo kuyasafisha kunavyozidi kuwa na gharama. Na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya mtambo mwingine mkubwa wa maji ujengwe mbali, huko Katosi katika wilaya ya Mukono. Gharama hizo hazilipwi na samaki. Hulipwa na kila afunguaye bomba.

Basi, je, hakuna linalofanyika? Liko, na yafaa tulitaje kwa haki. Shirika la Taifa la Maji na Maji Machafu, yaani NWSC, lililoanzishwa mwaka 1972, limejenga mitambo mipya. Mwaka 2014 mtambo wa Lubigi, kando ya barabara ya Hoima, ulianza kazi. Uliwekwa uweze kupokea mita za ujazo 5,400 kwa siku, na katika hizo 400 ni za uchafu unaoletwa na magari ya kunyonya vyoo. Baadaye ukajengwa mtambo mkubwa wa Bugolobi, badala ya ule wa zamani, wenye uwezo wa kusafisha mita za ujazo 45,000 kwa siku. Upande wa mashariki, huko Kinawataka, maji machafu ya sehemu kama Nakawa na Ntinda hukusanywa na kusukumwa kwa pampu mpaka Bugolobi.

Lakini mtambo ni kama tumbo, na mabomba ni kama koo. Tumbo kubwa halimsaidii mtu asiye na koo. Mtambo ukiwa tayari na nyumba hazijaunganishwa, kazi imefika nusu ya njia. Ndiyo sababu miaka hii na ijayo ni miaka ya kutandaza mabomba kutoka mitambo kwenda mitaani. Na hapo ndipo swali letu linapokuwa la maana: bomba litapita wapi?

Ili mtu aulize vizuri, hana budi kujua jinsi bomba la namna hii linavyofanya kazi. Bomba la maji safi husukumwa kwa nguvu ya pampu au tangi la juu, kwa hiyo laweza kupanda kilima. Bomba la maji machafu kwa kawaida halipandi. Maji yake hutelemka kwa uzito wake yenyewe, kwa mteremko uliopimwa sawasawa. Ukiwa mdogo mno, uchafu hutuama ukaziba. Kwa sababu hiyo bomba kubwa hufuata bonde, na mabomba madogo hushuka kutoka pande za vilima kuliendea, kama vijito vinavyoingia mtoni. Kila penye pindo au makutano huwekwa chemba yenye kifuniko, ili mafundi waweze kushuka na kuzibua.

Katika maelezo hayo mafupi yamo mambo mawili ambayo yangewaokoa watu wengi fedha zao. La kwanza, nyumba iliyo juu ya usawa wa bomba huunganishwa kwa urahisi, lakini nyumba iliyo chini yake haiunganishwi illa kwa pampu, na pampu ni ghali kununua na ghali kuendesha. La pili, bomba kubwa si bomba la nyumba. Bomba kubwa laweza kupita hatua kumi kutoka mlangoni kwako, nawe usipate ruhusa ya kulitoboa, kwa kuwa kazi yake ni kuchukua maji ya mabomba madogo. Mtu asikiaye kuwa "bomba linakuja" asipige vigelegele kabla hajauliza ni bomba la namna gani.

Sasa tufikiri hasara za asiyeuliza. Yuko mwenye nyumba ambaye choo chake kimejaa. Anakopa fedha, anachimba shimo jipya, analijengea kwa matofali, na mwaka unaofuata mabomba yanafika mtaani kwake. Angalijua, angaliita gari la kunyonya mara moja au mbili na kungoja, na zile fedha zingalimtosha kulipia kuunganishwa. Yuko mwingine ajengaye nyumba mpya na kuweka vyoo vyake nyuma, sehemu ya chini kabisa ya kiwanja, kama desturi ilivyo. Bomba likaja likapita mbele, upande wa juu. Sasa hana budi kuvunja sakafu ili kugeuza mabomba ya nyumba nzima. Yuko na wa tatu aliyejenga vyumba vya kupangisha juu ya njia ambayo wapimaji walikwisha kuiandika katika ramani yao. Huyu hatavunja sakafu tu, atavunja nyumba.

Katika habari ya kuvunjiwa, wenye vibanja wasikilize sana. Nchi nyingi katika Kampala ni ya mailo. Mwenye hati ni mmoja, na wakaao juu yake ni wengine. Bomba likipita, majina ya wanaostahili kulipwa huandikwa katika daftari. Ikiwa mwenye hati anakaa mbali na mwenye kibanja hakuuliza, si ajabu daftari likafungwa bila jina la yule ambaye migomba yake ndiyo itakayokatwa. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 26, yasema kuwa mtu asinyang'anywe mali yake kwa ajili ya kazi ya umma bila malipo ya haki na ya kutosha, yaliyotolewa kabla ya mali kuchukuliwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 nayo yamtambua mwenye kibanja. Lakini sheria haina miguu ya kumfuata mtu nyumbani kwake. Yeye ndiye mwenye miguu.

Aulize wapi, basi? Mahali pa kwanza ni macho yake mwenyewe. Wakionekana watu wenye chombo cha kupimia juu ya miguu mitatu, au vigingi vyenye rangi nyekundu vimepigwa ardhini kwa mstari, asipite akidhani ni mambo ya wengine. Aende akaulize kwa adabu: "Habari za kazi, mabwana? Mnapima kitu gani hapa?" Wapimaji wengi hujibu. Kuuliza si ujinga.

Mahali pa pili ni kwa Mwenyekiti wa kijiji, yaani LC1. Wenye kazi wakitaka kuingia kijijini, kwa kawaida hupita kwake kwanza. Mahali pa tatu ni tawi la Shirika la Maji lililo karibu, pale pale watu waendapo kwa habari ya bili zao. Aendaye huko achukue namba ya kiwanja na jina la kijiji, na kama anaweza achore ramani ndogo inayoonyesha barabara na mtaro ulio karibu. Kisha asiulize, "Je, bomba linakuja?" kwa kuwa swali hilo hujibiwa kwa "Ndiyo, Mungu akipenda," na mtu akarudi nyumbani kama alivyokwenda. Aulize hivi:

Je, bomba hili liko katika mpango tu, au fedha zake zimekwisha patikana? Ni bomba kubwa, au ni la kuunganisha nyumba? Litapita upande gani wa barabara, na kwa kina gani? Nyumba yangu iko juu ya usawa wake au chini? Gharama ya kuunganishwa ni kiasi gani, na nani alipaye kipande cha kutoka ukutani mpaka chemba? Bili ya kila mwezi itaongezeka kwa kadiri gani?

Swali la kwanza ndilo kubwa kuliko yote. Mpango waweza kukaa katika kabati miaka kumi. Fedha zikipatikana na mkandarasi akitiwa sahihi, hapo ndipo mtu aweza kuhesabu miezi. Aliyeambiwa "liko katika mpango" asiache choo chake kibomoke kwa kungoja. Na aliyeambiwa "mkandarasi anaanza mwaka huu" asichimbe shimo jingine.

Na akijibiwa kwa ukali, au asijibiwe kabisa? Hapo ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawalijui. Tangu mwaka 2005 nchi yetu ina sheria inayompa kila raia haki ya kupewa habari zilizo mikononi mwa serikali na mashirika yake, kama Katiba ilivyoahidi katika kifungu cha 41. Mtu huandika ombi lake, na ofisi hutakiwa kujibu katika siku 21. Asiporidhika aweza kupeleka malalamiko yake kwa hakimu mkuu wa wilaya. Hali kadhalika, kazi kubwa za namna hii hufanyiwa uchunguzi juu ya mazingira kabla ya kuanza, na sheria ya mazingira ya mwaka 2019 yataka wananchi wanaoguswa washirikishwe. Mkutano wa namna hiyo ukitangazwa, uhudhuriwe. Mara nyingi viti huwa vitupu, kisha malalamiko hujaa baada ya miezi sita.

Wako wasemao kuwa mambo ya choo ni aibu kuyasema hadharani. Mimi nawauliza: lipi ni aibu zaidi, kulitaja shimo au kulinywa? Wako na wasemao, "Mimi ni mpangaji tu, nyumba si yangu." Lakini mtoto augue kipindupindu ni wa mpangaji, si wa mwenye nyumba. Tena wapangaji wa vyumba vya mizigo, ambako milango kumi hutumia choo kimoja, ndio wenye haja kubwa kuliko wote. Wakiuliza wote kwa sauti moja, mwenye nyumba atasikia.

Wako pia wenye hoja nzito zaidi, nayo haifai kudharauliwa. Husema kuwa bomba likifika, mwenye nyumba atapandisha kodi, na maskini ataondoka ili ampishe mwenye fedha. Hoja hii ni ya kweli. Twaona jambo hilo likitokea kila penye lami mpya au taa mpya. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kukaa gizani. Mwenye kujua mapema aweza kukaa na mwenye nyumba, akapatana naye juu ya kodi. Wenye vyumba wanaweza kuchangiana gharama. Na kijiji kizima kinaweza kulisihi Shirika liruhusu malipo ya kuunganishwa kidogo kidogo. Mambo hayo yote yataka muda, na muda hupatikana kwa habari. Yule anayeshtukizwa hana nafasi ya kupatana na mtu.

Tukumbuke pia mfano mmoja wa mbali. Mwaka 1858, katika mji wa London, joto la kiangazi lilizidisha uvundo wa Mto Thames, ambao ulikuwa ukipokea uchafu wa mji wote. Maskini wa London walikuwa wamekufa kwa kipindupindu miaka mingi kabla ya hapo, lakini kazi ilikuwa ikienda polepole. Mwaka ule uvundo ukaingia madirishani mwa Bunge lenyewe, lililo kando ya mto, na wabunge wakapitisha sheria kwa haraka. Mhandisi Joseph Bazalgette akapata fedha za kujenga mifereji mikubwa ambayo mingine inatumika mpaka leo. Fundisho lake kwetu ni jepesi: wenye amri hushughulika upesi na uvundo uwafikiao wao. Sisi ambao madirisha yetu hayatazamani na Bunge, hatuna njia nyingine ila kwenda kugonga mlango na kuuliza.

Nimesema nitaugusa zaidi upande wetu, lakini wenye kupanga kazi nao wana deni. Si deni kubwa. Karatasi moja ingetosha, yenye ramani ya kijiji, mstari unaoonyesha njia ya bomba, mwaka unaotarajiwa, na jina la ofisi ya kuulizia. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani kwa Mwenyekiti, msikitini, kanisani na dukani; iandikwe kwa Kiganda, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mpango ukibadilika, ibandikwe nyingine. Wako watakaosema kuwa kutangaza njia mapema kutaleta walanguzi wa viwanja. Lakini walanguzi hujua siku zote. Wana jamaa zao maofisini. Asiyejua ni mama auzaye matoke pale kona.

Na sisi wanafunzi je? Katika somo la jiografia tumefundishwa kusoma kontua, mistari ile ionyeshayo vilima na mabonde. Wengi wetu tunaijifunza kwa ajili ya mtihani, kisha tunaisahau. Wazazi wetu wengi hawakupata kufundishwa. Wakati wa likizo, kila mmoja wetu aweza kufanya kazi ya siku moja tu: achore kijiji chake, aonyeshe ni upande gani maji ya mvua yanashukia, chemba ya karibu iko wapi kama ipo, na vyoo viko wapi. Kisha afuatane na baba au mama mpaka kwa Mwenyekiti, na kutoka hapo mpaka tawi la Shirika la Maji, akiwa na yale maswali sita mkononi. Jibu atakalopewa alisome kwa sauti katika mkutano wa kijiji.

Haitakuwa kazi ya kusifiwa magazetini. Lakini nyumba moja ikiokolewa kuchimba shimo lisilo na faida, na jina moja la mwenye kibanja likiandikwa katika daftari kabla halijafungwa, tutakuwa tumetumia elimu yetu mahali inapotakiwa. Mtaro utachimbwa siku moja, tupende tusipende. Heri utukute tumekwisha kujua unakopita.